Betri ni ya Nani?

Usafiri usiotoa moshi huzungumzwa mara nyingi kama suala la mitambo tu. Sisi tunaanza na swali jingine: njia hizo za usafiri ziko mikononi mwa nani?

Tuchukue Miembeni, Bukoba. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 haifiki huku. Kwa mwananchi anayekwenda vijiji vya Muleba, usafiri wa umma ni basi dogo na bodaboda, inayobeba mgonjwa leo na gunia la kahawa kesho, kwa petroli iliyonunuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni. Kwa miaka mingi hata umeme wa Bukoba ulitoka Uganda, ilhali mto Kagera unapita mkoani humo humo. Sasa mtambo wa Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, una megawati 80, na nchi yetu inagawana sawa na Rwanda na Burundi.

Tutazame Kigali na Nairobi, ambako pikipiki za umeme zimekwisha kuingia kazini. Kwa utaratibu mmoja uliozoeleka huko, dereva hununua pikipiki, lakini betri hubaki mali ya kampuni. Ikiisha nguvu, huiacha kituoni, huchukua iliyojaa, hulipa. Tusiubeze utaratibu huu: betri ndiyo sehemu ghali, na kijana asiye na mtaji hapati njia nyingine. Hata hivyo pikipiki bila betri ni chuma tu. Mwenye betri ndiye mwenye kupanga bei, na kituo kikifungwa dereva hana kazi.

Wazee wa Buhaya wanaujua uhusiano huo. Katika nyarubanja mkulima alitunza migomba na mibuni kwa jasho lake, ardhi ikiwa ya bwana, na kodi haikukoma. Ilibidi itungwe sheria mwaka 1965 ili kuanza kumkomboa.

Lakini ni Buhaya hiyo hiyo ambako mwaka 1950 wakulima wa kahawa waliunda chama kikuu cha ushirika, ambacho leo ni KCU. Ushirika nchini umewahi kuwaumiza wanachama kwa madeni na malipo ya kuchelewa, hilo hatulifichi. Bado, kituo cha betri kinaweza kuwekwa kwenye ghala la chama cha msingi, betri zikiwa mali ya wanachama na bei ikiamuliwa mkutanoni. Kada wa Miembeni akae na waendesha bodaboda kabla mkataba wa kwanza haujatiwa saini, wausome pamoja kifungu kwa kifungu, wakianza na kile cha betri.