Kufunga mlango ukiwa mbali: kitasa kinachotii kompyuta

Siku hizi kuna vitasa vya mlango ambavyo mtu aliye katika mji mwingine anaweza kuvifunga na kuvifungua kwa kompyuta. Ndugu zetu walioko Marekani, Kanada na Ulaya huweza kuvikuta katika nyumba wanazopanga. Tunapenda kueleza namna vinavyofanya kazi, kwa sababu anayeshika ufunguo ameaminiwa watu na mali.

Ndani ya kitasa mna mota ndogo inayosukuma komeo kwa nguvu ya betri. Vitasa vingi hutumia Bluetooth, ambayo mawimbi yake hufika meta chache tu ndani ya nyumba. Kwa hiyo kompyuta iliyo mbali haiwezi kukifikia kitasa moja kwa moja. Panahitajika kifaa cha katikati, kinachochomekwa kwenye umeme karibu na mlango, ili kiunganishe kitasa na intaneti ya nyumbani. Vingine vina Wi-Fi ndani yake, lakini hula betri haraka zaidi.

Amri hupita hivi: unabonyeza kwenye kompyuta, amri inakwenda kwenye seva ya kampuni, seva inaipeleka nyumbani, kitasa kinageuka na kurudisha jibu. Intaneti ya nyumbani ikikatika, au kampuni ikizima seva yake, amri haifiki. Ndiyo maana wengine huweka nyumbani kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye Home Assistant, programu ya bure, ili wasitegemee seva ya kampuni. Hao wakiwa safarini, ni salama zaidi waingie kwa njia ya VPN.

Je, hatari zipo? Ndiyo. Mwaka 2016, katika mkutano wa DEF CON huko Las Vegas, watafiti Anthony Rose na Ben Ramsey walieleza kwamba walijaribu kufuli 16 za Bluetooth, na 12 zilifunguka. Baadhi zilikuwa zikituma nenosiri hewani bila kulificha. Mwaka 2017 kampuni ya LockState ya Marekani ilituma kwenye vitasa vyake programu isiyo yake, na mamia ya wateja wakakuta vitasa havifanyi kazi tena kwa namba za siri. Hapo ufunguo wa chuma ndio uliosaidia.

Kwa hiyo tunashauri mambo haya:

Kwanza, tumia nenosiri usilolitumia mahali pengine, na washa uthibitisho wa hatua mbili.

Pili, usifungue akaunti ya mlango kwenye kompyuta ya watu wengi. Ukilazimika, hakikisha umetoka kabisa kabla ya kuondoka.

Tatu, mpangaji au mfanyakazi akihama, futa namba yake siku hiyo hiyo.

Nne, badilisha betri mara kitasa kinapoonya, na ufunguo wa chuma uwe kwa jirani unayemwamini.

Tano, kompyuta ikisema «imefungwa», maana yake ni kwamba komeo limetoka. Mlango wenyewe huenda umebaki wazi. Weka kihisi cha mlango, au mpigie simu aliye nyumbani aende kuusukuma kwa mkono. Na kabla ya kufunga kutoka mbali, uliza kwanza kama kuna mtoto au mzee aliyetoka nje bila ufunguo.