‘Inflation’ Imeshuka, Mbona Bei Hazishuki?

Ukisikia redioni kwamba ‘inflation’ imeshuka, usikimbilie dukani ukidhani bei nazo zimeshuka. Neno hilo, yaani mfumko wa bei, hupima kasi ya bei kupanda, wala si bei zenyewe. Hapa Kenya mfumko ulikuwa asilimia 9.6 Oktoba 2022. Oktoba 2024 ulikuwa 2.7.

Tuseme kapu lako la sokoni ni shilingi 1,000. Likipanda kwa asilimia 10 linakuwa 1,100. Mwaka unaofuata mfumko ‘ushuke’ hadi 3: utalipa 1,133. Nafuu iko wapi hapo?

Bei zikishuka kwa jumla, huitwa ‘deflation’, jambo la nadra.

Kwa hivyo mwajiri akisema mfumko umeshuka na nyongeza ya mshahara haihitajiki, mfanyie hesabu hiyo.