Kihispania kimewatoka Wahispania

Majuzi baada ya Isha, tukizungumza kabumbu barazani, kijana mmoja aliniuliza: "Ami, mbona Waargentina wasema Kihispania na kwao ni mbali na Uhispania?"

Nilimjibu hivi. Kihispania ni lugha ya serikali katika nchi 20: moja Ulaya, 18 Amerika, na moja hapa Afrika, nayo ni Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru 1968. Huko Amerika kilifika na majahazi ya wakoloni baada ya 1492. Leo Uhispania haifiki watu milioni 50, ilhali Mexico pekee ina zaidi ya milioni 120. Brazil ni jirani tu, wao husema Kireno.

Hata sisi tuna undugu na lugha hiyo. Waislamu walitawala Andalusi karne nyingi, wakaacha Kiarabu vinywani mwa watu. Sukari yetu wao huiita azúcar. Neno lao la meya, alcalde, ni kadhi huyu huyu tunayemjua.

Lililonigusa zaidi ni hili: kamusi kuu ya Kihispania sasa hutungwa na akademia ya Uhispania pamoja na wenzao wa Amerika na kwengineko. Sisi watu wa mwambao kila siku twalalamika kuwa bara wametuharibia Kiswahili. Lugha ikishasafiri, hairudi kuwa ya nyumba moja. Tukikaa mbali tukinung'unika, kamusi itaandikwa bila sisi. Bora tukae nao tuwafunze, na tukubali kufunzwa.