Rwanda: Shamba dogo la jikoni na mtihani wa kiangazi

Katika vijiji vingi vya Rwanda, mpita njia huona kando ya nyumba tuta la duara lililoinuliwa kwa mawe au matete, ngazi juu ya ngazi, likiwa limejaa mboga. Wenyeji huliita akarima k'igikoni, yaani shamba dogo la jikoni. Serikali imekuwa ikihimiza kila kaya iwe nalo, na mara nyingine majirani hujengeana siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Huenda msikilizaji akauliza: nchi yenye misimu miwili ya mvua ina haja gani ya kampeni ya mchicha? Jibu limo katika miili ya watoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014/15 ulionyesha kwamba asilimia 38 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ule wa 2019/20 ulikuta asilimia 33. Wengi wao hawalali njaa. Hushiba viazi, mihogo na ndizi, leo kama jana, huku mwili ukikosa vitamini, madini na protini. Mboga peke yake haiondoi udumavu, kwani yai, maziwa, maji safi na choo vina sehemu yao. Lakini mboga ndiyo iliyo karibu zaidi na uwezo wa asiye na ng'ombe.

Ujenzi wake hauhitaji fedha nyingi. Huchorwa duara ambalo mkono wa mtu aliyesimama pembeni unafika katikati, ili asiikanyage ardhi iliyolimwa. Udongo huchanganywa na samadi iliyooza vizuri, kwa maana samadi mbichi huunguza miche. Ngazi ya chini hupandwa mboga zinazotaka nafasi, kama kabichi na nyanya chungu; za juu huachiwa vitunguu na karoti. Kisha udongo hufunikwa kwa nyasi kavu. Jijini Kigali, asiye na kiwanja hutumia gunia lenye nguzo ya kokoto katikati, ambayo hupitisha maji hadi chini, na miche huchomekwa kwenye matundu ya ubavuni.

Mtihani wenyewe huja Juni, mvua inapokatika hadi katikati ya Septemba. Bustani iliyojengwa ili kumridhisha mkaguzi hukauka mwezi huohuo. Inayodumu ni ile iliyo karibu na mlango, ambapo maji yaliyooshea mboga na mchele humwagiwa mimea kila jioni, na yenye mboga za kienyeji kama mgagani, uitwao isogi, na mchicha, uitwao dodo. Hizi huvumilia jua kuliko kabichi, tena mchicha huanza kuchumwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa. Mwenye busara huacha mashina mawili yazae mbegu za msimu ujao. Mbegu za kabichi hana budi kuzinunua dukani, na hapo ndipo bustani nyingi hufia.

Hata jikoni mboga yaweza kupotea. Majani yaliyochemshwa kwa muda mrefu, kisha maji yake yakamwagwa, hubakiwa na vitamini chache. Yapikwe kwa muda mfupi na kutiwa mafuta kidogo, kwa kuwa mwili huhitaji mafuta ili kupokea vitamini A iliyomo. Palipokosekana mafuta, kipande cha parachichi hutosha.

Matunda hutaka subira zaidi. Mpasheni hupewa ua uparamie. Mti wa ibinyomoro, tunda jekundu lenye umbo la yai, huanza kuzaa baada ya takriban mwaka mmoja na nusu. Watoto hulikata katikati na kulila kwa kijiko, hapohapo chini ya mti, wala halifiki mezani.