Mke mwenzangu ni wa chuma

*Mumeo ana hobi inayokumalizia jioni zako zote? Wangu anapenda revolva za mashindano. Nimemfuata hukohuko gereji, na haya ndiyo niliyoyakuta.*

Wapo wanaume wanaopotelea kwenye mpira, wapo wa bao na wapo wa baa. Wangu anapotelea gereji. Sisi ni Watanzania tunaoishi Houston, Marekani, na kila mwezi baba watoto anashiriki mashindano ya kulenga shabaha kwa revolva. Mashindano yenyewe ni siku moja tu. Matayarisho sasa! Jioni baada ya jioni anafungua, anasugua, anapaka oili, anafunga, kisha anafungua tena. Mashosti zangu wakaanza kunitania eti nimeolewa mitala, mke mwenzangu ni wa chuma. Nikacheka, lakini moyoni iliniuma. Nikaona heri nimjue huyo mwenzangu kabla sijamchukia.

KWANI REVOLVA INA NINI?

Revolva ni ile bastola ya sinema za kauboi, yenye silinda inayozunguka. Siku hizi wengi mashindanoni wanatumia bastola za magazini, lakini wapenzi wa revolva wana shirikisho lao, ICORE, lililoanzishwa mwaka 1991. Kwao mshindi ni aliyetumia muda mfupi zaidi. Ukilenga vibaya, unaongezewa sekunde.

Mfalme wao ni Jerry Miculek wa Louisiana. Mwaka 1999 alifyatua risasi 8 kwa sekunde 1 tu. Mwaka huohuo akafyatua 6, akajaza upya, akafyatua 6 nyingine, yote kwa sekunde 2.99. Kilichonigusa mimi lakini si hizo sekunde. Mkewe, Kay, naye ni bingwa, tena ni binti wa fundi bunduki mwenye jina. Binti yao Lena naye ni bingwa. Nikasema kumbe! Kuna nyumba ambazo hiki kitu kinawaleta watu mezani badala ya kuwatenganisha.

ULAINI UNA KIPIMO

Basi nikavuta kiti nikakaa gerejini. Somo la kwanza: kwenye revolva kidole kinafanya kazi nyingi kwa mpigo. Ukivuta kifyatulio unazungusha silinda na kurudisha nyundo nyuma, halafu nyundo inaachiwa igonge. Ikitoka kiwandani, uzito wa kuvuta unaweza kuwa karibu kilo 5. Jaribu kuning'iniza dumu la maji la lita 5 kwenye kidole kimoja, uvute mara sita harakaharaka na mkono usitikisike. Utanipa jibu.

Kwa hiyo mafundi wanalainisha. Sehemu zinazosuguana wanazing'arisha taratibu kwa jiwe laini, na springi wanabadilisha, mpaka uzito unashuka kwenye kilo 3 na kitu. Hapo ndipo utamu ulipo, na ndipo mtego ulipo pia.

Springi kubwa ndiyo inayoipa nyundo nguvu. Ukiilegeza mno, nyundo inagonga kinyonge na risasi haiwaki. Springi ndogo ndiyo inayorudisha kifyatulio mbele. Ukiilegeza hiyo, kifyatulio kinarudi kwa uvivu, kidole chenye haraka kinakitangulia, na mambo yanakwama katikati. Ndiyo maana wanamashindano wengi wanachagua risasi zenye praima laini, yaani kile kidude cha nyuma kinachowasha baruti. Za Federal ndizo zinazosifika zaidi kwa ulaini.

Kuna msimu mume wangu aliingiwa na tamaa ya ulaini. Kwenye mpini wa revolva yake, upande wa mbele, kuna skrubu inayokaza ile springi kubwa. Akailegeza kidogo, kesho yake kidogo tena. Gerejini revolva ilikuwa siagi kabisa. Siku ya mashindano, mbele za watu, ikawa tak! bila mlio. Mbele kidogo, tak! tena. Uzuri wa revolva ni kwamba ukivuta tena silinda inakuletea risasi nyingine, lakini umeshapungukiwa moja, itabidi ujaze mapema, na saa haikungoji. Alirudi nyumbani mdogo kama piriton.

"Mke wangu," akaniambia, "nilitaka isinisumbue kabisa. Sasa haifanyi kazi."

Sikumjibu. Nilimkazia ile skrubu mwenyewe, yeye ananishikia tochi.

UCHAFU MDOGO UNAOGOMESHA

Somo la pili ni usafi. Katikati ya silinda kuna kibati chenye umbo la nyota kinachosukuma maganda nje. Chembe chache za baruti zikinasa chini yake, risasi hazikai sawa, na silinda inakuwa nzito au inagoma kabisa. Chembe tu! Ndiyo maana akitoa maganda anaelekeza mtutu juu, uchafu udondoke nje, na kila baada ya mzunguko anapitisha burashi hapo.

Kati ya silinda na mtutu kuna pengo la milimita 0.15 hivi, na anapima kwa vile vibati ambavyo mafundi magari wanapimia pengo la plagi. Fimbo ya kutolea maganda nayo inakaguliwa, maana ikilegea silinda haifunguki. Na ile mbwembwe ya sinema, kufunga silinda kwa kuirusha kwa mkono mmoja? Marufuku. Inapinda mkono unaoishikilia, na hapo umeshaharibu mpangilio wote.

TULIPOGOMBANA KWELI

Nisikudanganye kwamba yote yalikuwa asali. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, nilimkuta anasafisha revolva kwenye meza ya jikoni. Meza tunayolia! Masizi ya risasi yana madini ya risasi, ile sumu yenyewe. Kwa watoto yanadhuru ubongo, na kwa mjamzito yanapita mpaka kwa kichanga tumboni. Nilimwambia wazi: ama hiki chuma kina sheria, ama mimi nabeba mabegi.

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu tukakaa tukaandika sheria, tukaibandika mlangoni pa gereji:

• Kusafisha ni gereji tu. Nguo za mashindano hazichanganywi na za watoto, na mikono inanawiwa kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto.

• Revolva iko kwenye sefu, risasi zimefungiwa pengine.

• Akifanya mazoezi ya kuvuta bila risasi, kwanza anakagua kila tundu la silinda, na hakuna hata risasi moja chumba hicho.

• Revolva ya mashindano si ya kulindia nyumba. Imelainishwa kwa ajili ya praima laini, ukiweka risasi za aina nyingine huenda isilipuke siku unayoihitaji.

Hiyo ya mwisho aliiandika mwenyewe. Mtoto alizaliwa salama, na hizo sheria ziko mlangoni mpaka leo.

WEWE MWENYE MUME KAMA WANGU

Dada yangu, usianze kwa kususa. Nenda ukaone anachokifanya, umuulize maswali ya kweli. Mwanaume anayeweza kukaa saa mbili akitafuta chembe moja ya uchafu ana subira, ni wewe tu hujaiona ikija upande wako. Mwambie uiona. Mimi nilimwambia, na sasa Jumanne na Alhamisi gereji inafungwa saa moja jioni.

Lakini mambo ya usalama usiyabembeleze. Sefu, risasi, sumu, watoto: hapo kaza skrubu mpaka mwisho, anune akitaka. Na kama mnamiliki silaha, fuateni sheria za nchi mliyopo, na kazi ya springi mpeni fundi mwenye leseni.

Na ukisikia mlio wa tak gerejini kwenu, ingia umuulize: ni skrubu ipi hiyo uliyolegeza?