Njia ya Wodi ya Wazazi kwa Waliochelewa Kuanza

Karungu iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, upande wa Nyatike katika kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Homa Bay. Watu wa huko huishi kwa samaki. Wanaume hutoka na mashua usiku, na wanawake hununua, huanika na kusafirisha omena na mbuta. Ni eneo ambalo afya ya mwanamke imepitia misukosuko mingi. Ripoti iliyotokana na sensa ya 2009 ilikadiria kwamba katika kaunti ya Migori wanawake 673 walikufa kwa sababu za uzazi kwa kila watoto hai 100,000 waliozaliwa. Homa Bay ilikuwa na 583. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikadiria 362 kwa Kenya nzima.

Kwa hiyo mtu mzima wa Karungu anaposema anataka kurudi darasani asomee udaktari ili awahudumie akina mama, hazungumzii ndoto ya mbali. Pengine ni mwalimu wa shule ya msingi mwenye miaka 32, au muuguzi aliyezoea zamu za usiku katika hospitali ya misheni ya St. Camillus hapo hapo Karungu. Pengine ni mama aliyekwisha kulea watoto wake, ambaye sasa hutembelea nyumba za jirani kama mhamasishaji wa afya ya jamii. Swali lake la kwanza huwa moja: je, nimechelewa?

Historia ya Kenya ina jibu zuri katika maisha ya Profesa Miriam Were. Alizaliwa 1940 magharibi mwa nchi, akasoma sayansi katika chuo cha William Penn huko Iowa, Marekani, kisha akawa mwalimu wa shule ya upili. Akiwa darasani aliona jinsi maradhi yalivyowavuruga wanafunzi wake, akaamua kuingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea udaktari. Baadaye alisomea afya ya umma katika chuo cha Johns Hopkins, akajulikana kwa kazi ya kupeleka huduma za afya vijijini, na mwaka 2008 akapokea Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi kutoka serikali ya Japani. Miaka yake ya ualimu haikupotea. Kazi iliyompa heshima ilikuwa ya kuwafundisha watu wa kawaida kulinda afya zao.

Hata hivyo, mfano wa mtu mmoja mashuhuri hautoshi kumwongoza mwenye karo ya watoto ya kulipa. Inafaa kuanza na kazi yenyewe, maana wengi husema "udaktari" huku wanachokipenda hasa ni kazi inayofanywa na mtu mwingine wodini.

Chukua mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Hicho ndicho chanzo kikubwa cha vifo vya uzazi duniani, na mara nyingi mama huwa na saa chache tu. Kwa miaka mingi wahudumu walikadiria damu kwa macho, na macho yalikosea. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa liitwalo E-MOTIVE, lililofanyika katika hospitali zaidi ya 70 nchini Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, likihusisha wanawake zaidi ya 200,000. Chini ya mama wahudumu waliweka shuka la plastiki lenye mfuko na alama za vipimo. Damu ilipofika alama fulani hawakungoja: walikanda mji wa mimba, wakatoa oksitosini na dawa ya traneksamiki, wakaongeza maji ya mshipani, wakachunguza damu inatoka wapi, yote kwa mfululizo mmoja. Hatari ya kuvuja damu nyingi, ya kupasuliwa tumbo kwa sababu hiyo au ya kufa kwayo ilipungua kwa asilimia 60.

Anayesimama kando ya kitanda wakati huo, mara nyingi, ni muuguzi mkunga. Yeye ndiye anayeona alama imefikiwa, na yeye ndiye anayeanza. Daktari bingwa anaweza kuwa Kisumu.

Ukunga basi unastahili kutazamwa kwanza, na si kama kazi ya walioshindwa kuingia udaktari. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, ambacho wengi hukiita KMTC, kina matawi Homa Bay na Migori, hivyo mtu wa Karungu hahitaji kuhamia Nairobi. Diploma ya uuguzi huchukua miaka mitatu au zaidi kidogo. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuwa na wastani wa C katika KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, na C katika baiolojia na katika Kiingereza au Kiswahili. Kutoka hapo anaweza kuendelea na diploma ya juu ya ukunga au kujiunga na shahada. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha AMREF jijini Nairobi hutoa shahada ya ukunga peke yake.

AMREF, shirika la afya lenye chuo hicho, inastahili kutajwa kwa sababu nyingine pia. Mwaka 2005, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na washirika wengine, ilianzisha mpango wa kuwasomesha wauguzi wenye cheti hadi diploma kwa njia ya kompyuta. Maelfu ya wauguzi waliokuwa kazini, wengi wao wazazi, walisoma bila kuacha vituo vyao. Mtu akisema mafunzo ya afya ni ya vijana peke yao, mpango huo unamjibu.

Na kama kuna anayefikiri ukunga humfungia mtu mahali pamoja, amkumbuke Grace Ogot. Wengi humjua kama mwandishi na mbunge wa Gem, lakini kwanza alikuwa muuguzi na mkunga aliyesomea Uganda na London, kisha akafanya kazi katika hospitali ya Maseno.

Njia ya pili ni ya tabibu, ambaye Wakenya wengi humwita "klinikal ofisa". Katika vituo vingi vya mashambani yeye ndiye "daktari" ambaye mgonjwa humwona. Diploma yake huchukua miaka mitatu, kisha mwaka mmoja wa intanshipu. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba KMTC ina diploma ya juu ya afya ya uzazi kwa matabibu waliokwisha kufanya kazi. Anayehitimu huweza kusimamia ujauzito wenye matatizo na hata kufanya upasuaji wa kujifungua. Tanzania imetumia madaktari wasaidizi kwa upasuaji huo kwa miongo mingi, na bila wao hospitali nyingi za wilaya zisingekuwa na mtu wa kumpasua mama usiku.

Tufanye hesabu. Mwalimu wetu wa miaka 32 akiingia KMTC mwaka huu kusomea utabibu, atakuwa na leseni akiwa na miaka 36 hivi. Akifanya kazi miaka michache kisha akachukua diploma ya juu, anaweza kuwa chumba cha upasuaji kabla ya kutimiza miaka 42. Akiingia chuo kikuu kusomea udaktari, ni miaka sita darasani na wodini, kisha mwaka wa intanshipu: miaka 39. Akitaka kuwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, atahitaji kufanya kazi kwa muda, kisha miaka minne mingine ya shahada ya uzamili. Huyo anakaribia miaka 46.

Je, miaka 46 ni mingi? Bingwa wa umri huo bado ana takriban miaka 14 kabla ya kufikia umri wa kustaafu serikalini, ambao ni 60. Kwa wodi isiyo na bingwa hata mmoja, miaka 14 ni mingi sana. Hata hivyo, kwa mtu mwenye watoto shuleni na mkopo wa benki, tofauti kati ya njia ya miaka minne na ya miaka 14 si jambo la kupuuza, na asione aibu kuchagua njia fupi.

Kwa atakayeshika njia ndefu, vyuo havikosekani karibu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari 1967, na kwa miaka mingi ndicho kilichokuwa peke yake nchini. Leo vyuo vikuu vya Maseno na Uzima hufundisha udaktari Kisumu, na Chuo Kikuu cha Kisii nacho kina kitivo chake. Alama zinazotakiwa ni za juu, hasa katika baiolojia na kemia. Mwenye diploma ya utabibu au uuguzi aliyefaulu vizuri anaweza kufikiriwa katika vyuo kadhaa, ingawa alama zake za KCSE bado huangaliwa. Mwenye alama hafifu anaweza kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi.

Mfano wa bingwa unapatikana ng'ambo ya maziwa, Bukavu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Denis Mukwege hakuanza akiwazia magonjwa ya wanawake. Alivutiwa na matibabu ya watoto. Alipofanya kazi katika hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, aliona wanawake wakifika wakiwa na majeraha na matatizo ya uzazi yaliyoachwa bila tiba. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, akarudi. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, na 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kazi yake na manusura wa ubakaji wa vitani. Hospitali ya mashambani ndiyo iliyomchagulia fani. Kwa mtu mzima hilo ni somo la vitendo: kabla ya kujaza fomu yoyote, aombe ruhusa ya kujitolea au kushinda wiki chache katika hospitali iliyo karibu naye, aone ni kazi gani inayomkalia moyoni.

Huko ataona pia watu ambao picha za matangazo huwasahau. Mama hapasuliwi bila mtu wa nusukaputi. Mafunzo ya wauguzi wa nusukaputi yaliyoanzishwa katika hospitali ya Kijabe yamefungua njia kwa wauguzi wenye uzoefu kuifanya kazi hiyo, na uhaba wao mashambani ni mkubwa. Kuna wa maabara anayetafuta damu ya kuongezewa mama, mtaalamu wa ultrasound anayesema mtoto amekaa vipi, mtaalamu wa lishe, mshauri nasaha.

Afya ya mwanamke pia haiishii kwenye kuzaa. Utafiti wa 2018 kuhusu virusi vya Ukimwi ulikuta maambukizi ya asilimia 19.6 miongoni mwa watu wazima wa Homa Bay na 13 Migori, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Katika fuo za ziwa, desturi ya jaboya, ya mwanamke kulazimika kulala na mvuvi ili apate samaki wa kuuza, imechangia maambukizi hayo. Anayewahudumia wanawake hawa lazima ajue dawa za kupunguza makali na namna ya kumkinga mtoto asiambukizwe, lakini ajue pia bei ya omena na nani mwenye mashua. Hapo mtu mzima aliyeishi ufuoni ana elimu ambayo kijana wa miaka 19 hana. Utafiti wa afya wa 2022 nao ulikuta kwamba asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 katika Homa Bay, na kiasi hicho hicho Migori, walikuwa wamewahi kushika mimba. Msichana wa aina hiyo humfungulia moyo mtu anayefanana na shangazi yake.

Kisha kuna saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka nchini. Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hiyo, Oktoba 2019. Migori yenyewe imekuwa uwanja wa utafiti: watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na chuo cha Duke cha Marekani walijaribu kupima HPV katika kampeni za kijijini, wanawake wakijichukulia sampuli wenyewe, na walijitokeza wengi kuliko waliotakiwa kwenda kliniki. Muuguzi aliyefunzwa anaweza kukagua mlango wa kizazi kwa siki na kutibu mabadiliko ya mapema siku hiyo hiyo. Bado kuna fistula, jeraha la uchungu wa kuzaa wa muda mrefu linalomwacha mwanamke akivuja mkojo. Huko Eldoret Dkt. Hillary Mabeya amejenga kazi yake yote juu ya kuitibu.

Fedha ndizo huwavunja wengi, na hapa ni lazima kusema ukweli. Leseni haimaanishi kazi ya serikali papo hapo. Madaktari wa Kenya waligoma siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, na mwaka 2024 wakagoma tena siku 56, kiini kikiwa malipo ya madaktari wa intanshipu: mkataba wa 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Matabibu nao waligoma kwa miezi mwaka huo huo. Mwenye familia apange bajeti inayoweza kustahimili mwaka mmoja wa kungoja baada ya kuhitimu. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, upo, na hospitali za misheni na mashirika huajiri wahudumu wao wenyewe.

Maombi ya KMTC sasa hupitia KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, na nafasi za kuingia hutangazwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kabla ya kulipa senti popote, mwombaji atazame kama chuo na kozi anayoitaka vimeidhinishwa: Baraza la Wauguzi kwa ukunga na uuguzi, Baraza la Matabibu kwa utabibu, na baraza la madaktari, KMPDC, kwa udaktari. Vyuo visivyo na kibali huwa vingi katika miji midogo, hudai karo kama vingine, na wahitimu wake hawaruhusiwi kufanya mtihani wa leseni.