Jicho la kamera na mushahara wa mwenzetu

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama wenye kungoja mushahara nyumbani: huku kwetu mwenzetu mumoja alikatwa franka juu ya kitu kidogo kama kifuniko cha chupa. Siye ba sendika tukasema, mbele ya kusaini tujue kwanza ile ni kitu gani.

Ilikuwa lenzi, ndiyo kusema jicho la kamera yenye kuona joto. Wanaielekeza kwa vyuma vyenye kuzungusha mukanda wa mawe. Chuma kikianza kuchemuka kinaonekana kwenye ekrani, na watu wanasimamisha mukanda mbele moto haujawaka. Kazi nzuri, hatuikatae. Lakini vumbi ilijaa kwenye lenzi, mwenzetu akapangusa na kipande cha overole. Ikakwaruzika. Basi, deni!

Kumbe ile haikuwa kioo, maana kioo cha dirisha kinazuia ule mwangaza wa joto. Ni jermaniumu. Ukiishika inang'aa kama chuma, macho yetu hayapenye ndani, lakini joto linapita. Na iko kwetu hapa: ndani ya mawe ya Kipushi, na ndani ya ule mulima mweusi wa mabaki ya fulu kule Lubumbashi. Mwezi wa 10, 2024, Gécamines ilitangaza kwamba STL imetuma mzigo wa kwanza kwa Umicore, Ubelgiji. Vumbi ya kwetu ilikwaruza jiwe la kwetu, unaona?

Mwenye kuchora lenzi ya namna hii haanze na jiwe, anaanza na maulizo. Kitu cha kuangalia kiko mbali gani? Mahali pana joto gani? Kuna vumbi, kuna kutikisika? Jermaniumu inapindisha mwangaza kwa nguvu, kipimo chake ni 4, kioo ni 1.5 hivi, kwa hiyo lenzi inaweza kuwa nyembamba. Lakini iko na kasoro: mwangaza wa 100 ukigonga uso wake, 36 unarudi nyuma. Njo maana wanaipaka ngozi nyembamba sana, karibu elfu moja ya milimeta, ili mwangaza uingie. Tena mahali pakichemuka, kipimo kinabadilika na picha inafifia; muchoraji anachanganya lenzi za vitu mbalimbali, ao anafanya mupira wa chuma wenye kuzibeba uzisogeze kidogo. Ikifika digri 100 hivi, jermaniumu yenyewe inaanza kuziba.

Ile ngozi njo ilikwaruzika. Na ngozi haziko sawa. Kwa laboratwari, ya laini inatosha. Kwa vumbi na muchanga, wanapaka kaboni ngumu yenye kufanana na almasi, nayo inavumilia kupanguswa.

Tukaomba karatasi ya komande. Imeandikwa: mahali safi, ndani ya nyumba. Mahali safi! Aliyeandika hakushuka hata siku moja kwenye mukanda, na hakumuuliza mwenye kupaka mafuta pale kila asubuhi. Muchoraji kule mbali alifanya sawa alivyoambiwa.

Tuliweka ile karatasi juu ya meza ya wakubwa. Mwezi wa pili hawakukata tena. Komande mpya imeomba ngozi ngumu, na kitambaa chake cha kupangusia. Franka za mwezi wa kwanza, mwenzetu angali anazingoja.